Linda Mwisho wa Sentensi: Mwongozo wa Sauti na Kusimama Mbele ya Watu Kazini

Ukikaa viti vya nyuma kwenye mkutano wa kazi, jambo hili utaliona mara nyingi. Mwasilishaji anasema, "Tangu tubadilishe utaratibu wa ghala, mizigo inayoharibika imeshuka hadi asilimia…" na hapo hapo sauti inazama. Mtu wa nyuma anamgeukia jirani yake: "Kasema ngapi?" Jirani naye hakusikia. Wakati wanaulizana, mwasilishaji keshafika slaidi inayofuata. Kazi ya miezi imefanyika vizuri na takwimu ni sahihi, ila lile neno moja lililobeba habari yote limemezwa.

Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika mawasilisho yetu ya Kiswahili, kubwa kuliko sauti nyembamba, lafudhi au aibu. Sentensi zetu mara nyingi huanza na kile msikilizaji anachokijua na kumalizia na kile kipya. Idadi hufuata nomino, asilimia hukaa mwisho, tarehe ya kukamilisha kazi nayo hukaa mwisho. Na mwisho ndipo pumzi ya msemaji inapokuwa imekwisha. Kwa hiyo hatua nyingi zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo moja: kufika mwisho wa sentensi ukiwa bado na hewa, na bado unamtazama mtu.

Hatua ya 1: Jirekodi kabla ya kurekebisha chochote

Chukua simu, iweke mezani hatua tatu au nne kutoka ulipo, kisha toa dakika mbili au tatu za wasilisho lako ukiwa umesimama. Usisome. Sema kama utakavyosema siku yenyewe.

Utakaposikiliza, sauti yako itakushangaza, pengine kukukera. Hiyo ni kawaida kwa kila mtu. Unapozungumza unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huipa sauti uzito wa chini ambao wengine hawausikii. Rekodi ina njia ya hewa peke yake. Hiyo unayoisikia kwenye simu ndiyo wanayoisikia wenzako kila siku, na wameizoea, kwa hiyo usipoteze muda kutaka kuwa na sauti nyingine. Wapo wanaojilazimisha kuzungumza kwa sauti nzito ili waonekane na mamlaka. Matokeo yake ni koo kuchoka na sauti kukwaruza. Acha.

Sikiliza mara ya kwanza ukifuatilia maneno mawili ya mwisho ya kila sentensi tu. Yanasikika kutoka pale simu ilipokuwa? Weka alama kila yanapopotea. Mara ya pili sikiliza maneno ya kujazia: "yaani", "kwa hiyo", "kimsingi", "eee". Inatosha. Ukianza kukagua kila kitu kwa pamoja utakata tamaa.

Hatua ya 2: Rudisha pumzi tumboni

Sauti hutokea pale hewa inapotoka mapafuni na kutikisa nyuzi za sauti zilizo kooni. Hewa ikiwa kidogo, nyuzi hubanwa ili kulazimisha sauti itoke, na hapo ndipo sauti huwa nyembamba na koo huuma baada ya nusu saa. Mtu mwenye woga huvuta hewa kwa kifua cha juu, mabega yakipanda. Hiyo ni pumzi fupi, haimfikishi mwisho wa sentensi.

Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, pumua polepole. Kitabu kinapaswa kupanda unapovuta hewa na kushuka unapoitoa. Kinachofanya kazi hapo ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao ukishuka hulisukuma tumbo mbele. Ukishaielewa hali hiyo, simama na uitafute tena huku mkono ukiwa tumboni.

Zoezi la pili ni la kutoa "sss" ndefu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Jipime kwa saa. Ukifika sekunde kumi na tano bila kutetemeka ni mwanzo mzuri; endelea hadi uzoee sekunde ishirini na tano au zaidi. Usikamue hadi tone la mwisho la hewa, kwa sababu lengo ni kutoa hewa sawasawa. Dakika chache kila siku kwa wiki kadhaa zitakusaidia kuliko saa nzima usiku wa kuamkia mkutano.

Hatua ya 3: Jenga sentensi kuanzia mwisho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ningekuomba utumie muda mwingi zaidi.

Chukua sentensi muhimu kwenye wasilisho lako na uifanyie mazoezi kinyumenyume, kama hivi:

"…kumi na nne."
"…kwa asilimia kumi na nne."
"…zimepungua kwa asilimia kumi na nne."
"Gharama za usafirishaji zimepungua kwa asilimia kumi na nne."

Kila mara "kumi na nne" isikike kwa nguvu ile ile uliyoitumia ulipoisema peke yake. Mdomo unazoea kwamba mwisho ndiko safari inakoelekea, na pumzi inajipanga yenyewe kwa ajili ya kufika huko. Fanya hivyo kwa sentensi tano au sita zilizobeba hoja zako. Zilizobaki zitaiga.

Kuna kosa moja la kuangalia. Kulinda mwisho hakumaanishi kupandisha sauti juu. Katika Kiswahili kiimbo peke yake kinaweza kugeuza taarifa kuwa swali: "Mkataba umesainiwa" na "Mkataba umesainiwa?" ni maneno yale yale. Mwasilishaji anayepandisha sauti kila mwisho wa sentensi huonekana anaomba ruhusa ya kuamini takwimu zake mwenyewe. Acha sauti ishuke kwenye kidatu, yaani ule ujuu au uchini wa sauti, lakini nguvu ibaki. Jaribu sentensi hiyo ya mkataba kwa njia zote mbili kwenye simu yako, utasikia tofauti mara moja.

Mwanzo wa neno nao una hatari yake. Ukanushi wetu mara nyingi hukaa kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi. "Hatutaongeza bei" ikisemwa haraka, na "ha" ikamezwa, anayesikia anapata "tutaongeza bei". Hapo umetangaza kinyume cha ulichokusudia mbele ya wateja. Kila penye kanushi nzito, vuta hewa kidogo kabla yake na uitamke silabi hiyo wazi.

Na takwimu kubwa zina mtego wake. Ukisema "elfu mia mbili na tano", mmoja ataandika 205,000, mwingine 200,005, na wote wamekusikia vizuri. Sema "laki mbili na elfu tano", au andika tarakimu kwenye slaidi na uinyooshee mkono wakati unaitaja. Kabla ya kila takwimu muhimu nyamaza kwa muda wa kuvuta hewa moja. Baada yake nyamaza tena, ili wanaoandika waandike.

Ili haya yote yakae pamoja, tia alama kwenye karatasi yako ya mazoezi. Mkwaju mmoja (/) pale unapovuta hewa, miwili (//) pale unaponyamaza, na mstari chini ya neno lisilopaswa kupotea, kama "wachache" na "mara mbili" katika mfano huu:

"Mwaka huu / tumepoteza wateja wachache kuliko mwaka jana. // Waliobaki / wananunua mara mbili zaidi. //"

Hatua ya 4: Kasi, na ujasiri wa kunyamaza

Utakutana na ushauri kwamba msemaji atumie maneno 120 hadi 150 kwa dakika. Kiwango hicho kinatajwa kwa Kiingereza, na hakihamishiki moja kwa moja kwetu, kwa sababu neno moja kama "hatukuwasiliana" linabeba kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza. Tumia kipimo chako mwenyewe: soma ukurasa mmoja kwa kasi ya kumweleza mwenzako aliye mbele yako anayeandika unachosema, pima dakika zilizotumika, na hiyo ndiyo iwe kasi yako ya msingi. Siku ya wasilisho utaizidi bila kujua. Ndiyo maana inafaa uifanyie mazoezi polepole kidogo kuliko unavyodhani inatakiwa.

Maneno ya kujazia hutokea pale ubongo unapotafuta neno na mdomo unaogopa ukimya. Huwezi kuyaondoa kwa kujikaripia. Yabadilishe kwa kufunga mdomo: kila unapohisi "yaani" inakuja, funga midomo na uvute hewa kupitia puani. Mwanzoni utauona ukimya huo kama mrefu mno. Sikiliza rekodi uone ulivyo mfupi kwa msikilizaji, ambaye aliutumia kuelewa ulichokwisha kusema.

Hatua ya 5: Kuweka uzito kwenye neno

Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hauhami kwa ajili ya msisitizo. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kulikuza neno ana njia nyingine: anarefusha kidogo silabi hiyo hiyo yenye mkazo, ananyamaza kabla ya neno, au anapanga sentensi upya. "Wateja wa zamani waliongeza mauzo" ni taarifa tu. "Wateja wa zamani ndio walioongeza mauzo" tayari imebeba msisitizo ndani yake, na sauti haihitaji kupiga kelele. Tumia "ndio", "ndiyo", "ndicho" pale penye hoja, na kwa uchache, maana zikijaa kila mahali hakuna kinachosisitizwa.

Hatua ya 6: Miguu, mikono, macho

Kabla ya hapo, tuondoe jambo moja njiani. Huenda umeambiwa kwenye semina kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38 na mwili 55. Takwimu hizo zilitokana na majaribio mawili ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, yaliyohusu jinsi watu wanavyohisi kama msemaji anampenda mtu au la, tena kwa kutumia neno moja moja. Hazikuhusu kabisa kueleza bajeti au mpango wa mradi. Maneno yako yana uzito wake kamili. Kazi ya mwili ni kutoyazuia yasifike.

Anza na miguu. Isimamishe upana wa nyonga, uzito uwe kwenye miguu yote miwili, magoti yasikazwe. Anayeyumba kutoka mguu mmoja kwenda mwingine huyumbisha na pumzi. Kutembea kunaruhusiwa, tena kunasaidia, mradi utembee unapohama hoja na usimame unapoitamka. Usitembee huku unasema takwimu.

Mikono iache ikae mbele yako usawa wa kiuno au chini kidogo, huru, bila kalamu ya kuchezea. Itajitokeza yenyewe ikiwa haina kazi nyingine. Usijifunze ishara za kukariri, zinaonekana.

Macho ndiyo yanayolinda mwisho wa sentensi kuliko kiungo kingine chochote. Angalia wawasilishaji wengi: wanaanza sentensi wakimtazama mtu, na wanapokaribia mwisho macho yanashuka kwenye karatasi au yanageukia skrini kutafuta sentensi inayofuata. Kichwa kikishuka, sauti nayo inaelekea sakafuni. Kanuni ya kujiwekea ni rahisi: sentensi moja, mtu mmoja. Chagua mtu, mwambie sentensi nzima hadi silabi ya mwisho, kisha nyamaza, tazama karatasi ukihitaji, inua kichwa, ndipo uanze tena na mtu mwingine. Hakuna kusema wakati macho yako kwenye karatasi. Hili linachosha kulifanyia mazoezi, na ndilo linalobadilisha wasilisho kuliko yote niliyoyataja tangu hatua ya tatu.

Slaidi fuata utaratibu huo huo. Badilisha, nyamaza watu waisome, kisha geuka na uzungumze na watu. Ukizungumza ukiwa umeielekea skrini, nusu ya sauti inaishia ukutani.

Hatua ya 7: Ujue ukumbi na kipaza sauti

Fika mapema na useme sentensi zako chache kwa sauti huku mwenzako amekaa kiti cha mwisho. Muulize kitu kimoja: "Umesikia neno la mwisho?" Kumbuka ukumbi mtupu huwa na mwangwi zaidi, miili na nguo za watu hunyonya sauti, kwa hiyo ukijaa utahitaji nguvu kidogo zaidi ya uliyotumia kwenye jaribio.

Kipaza sauti cha mkononi kishike chini kidogo ya mdomo, umbali wa sentimita tano hadi kumi, kikielekezwa mdomoni, na umbali huo usibadilike. Wengi huanza vizuri, kisha mkono unashuka pole pole hadi kifuani. Usikipulizie wala kukigonga kukijaribu, sema tu. Kile kidogo cha kubana kwenye nguo kibanwe katikati ya kifua, mbali na mkufu au kitambaa kinachokwaruza, na ukigeuza kichwa geuza na kifua, la sivyo sauti itakatika upande mmoja.

Kwenye mkutano wa mtandaoni tatizo la mwisho wa sentensi huongezeka, maana programu za mikutano hupunguza kelele za nyuma, na sauti inayofifia huweza kukatwa pamoja nazo. Simama kama inawezekana, inua kamera ifike usawa wa macho, na sema mwisho wa sentensi ukiitazama kamera.

Hatua ya 8: Koo na woga, siku yenyewe

Maji yanywe tangu asubuhi. Maji unayomeza hupita njia ya chakula na hayagusi nyuzi za sauti; unyevu wa nyuzi hizo hutoka ndani ya mwili, na huchukua muda. Glasi unayokunywa jukwaani inalowesha mdomo tu, ambayo nayo ni nafuu, kwa sababu woga hukausha mate.

Usisafishe koo kwa kukohoa kwa nguvu. Kila mara unapofanya hivyo nyuzi za sauti zinagongana kwa kishindo na kutoa ute zaidi, nawe unarudia tena. Meza mate au kunywa maji kidogo. Ukiwa na sauti iliyokauka usinong'one pia, kwani kunong'ona kwa nguvu huweza kuzichosha nyuzi hizo. Na sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne bila sababu inayojulikana, muone daktari.

Dakika tano kabla ya zamu yako, jitenge upashe sauti moto. Toa mlio wa "mmm" laini ukipanda na kushuka. Kama una mrija wa kunywea, toa mlio huo huo kupitia mrija kwa dakika moja au mbili. Zoezi la mrija limeenezwa sana na Ingo Titze, mtafiti wa sauti wa Marekani: shinikizo la hewa linalorudi nyuma huzifanya nyuzi zitikisike bila kugongana kwa nguvu.

Moyo utadunda. Adrenalini inafanya kazi yake. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, kwa mfano hesabu nne ndani na nane nje, mara kadhaa. Kutoa pumzi kwa kirefu hupunguza kasi ya moyo. Kisha usijilazimishe kutulia kabisa. Utafiti wa Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliojiambia wana hamasa walihutubia vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich nao walionyesha kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana zaidi ya unavyoonekana kweli, na kwamba kulijua hilo tu humsaidia kuhutubia vizuri zaidi. Kwa hiyo usianze kwa kuwaomba radhi kuwa una wasiwasi. Hawajauona.

Sentensi ya kwanza ikariri neno kwa neno. Nyingine usikariri. Tembea hadi mahali pako, simama, vuta hewa, mtafute mtu mmoja, ndipo useme.

Hatua ya 9: Maswali

Hapa wengi hurudia tabia zao za zamani, kwa sababu mazoezi yote waliyafanya kwenye hotuba. Mwache muulizaji amalize. Nyamaza kidogo. Rudia swali kwa ufupi kama ukumbi ni mkubwa, maana waliokaa nyuma yake hawakulisikia. Jibu ukianza kwa kumtazama yeye, endelea na wengine.

Kisha malizia. Jibu zuri mara nyingi huharibiwa na mkia: "…kwa hiyo, yaani, ndiyo hivyo, sijui kama nimejibu." Likiisha, funga mdomo. Kama hujui jibu, sema hujui na utaje siku utakayolileta, na siku hiyo itamke kwa nguvu ile ile uliyoitamkia takwimu zako. Waombe wenzako wawili wakuulize maswali magumu nyumbani au ofisini kabla ya siku yenyewe, simu ikirekodi, na wakukatize kila mara mwisho wa jibu lako unapofifia.